Bei ya Nazi Kumi: Shule na Hesabu za Maisha

Mwaka 1862 serikali ya Uingereza ilianza kuzilipa shule kwa kuhesabu vichwa vya waliofaulu. Robert Lowe, mwanasiasa aliyesimamia elimu wakati huo, aliweka utaratibu ambao mtoto mwenye mahudhurio ya kutosha aliweza kuiletea shule yake shilingi 8 akifaulu kusoma, kuandika na kuhesabu mbele ya mkaguzi. Kwa kila somo aliloshindwa zilikatwa shilingi 2 na pensi 8. Shilingi ya Waingereza ilikuwa na pensi 12, kwa hiyo mtoto aliyeanguka masomo yote matatu aliipotezea shule shilingi 8 zote. Hesabu hiyo peke yake ingetosha kuwa swali la mtihani.

Na maswali ya wakaguzi hayakuwa mbali sana nayo. Mtaala wa Lowe ulikuwa na ngazi sita. Ngazi ya kwanza mtoto aliandika namba hadi 20, ya pili akajumlisha, akatoa na kutaja jedwali la kuzidisha, ya tatu akafika kwenye kugawanya. Kuanzia ya nne mambo yakahamia dukani: ngazi ya nne ilikuwa hesabu za fedha, ya tano uzito na vipimo vya kawaida, na ya sita ilimtaka mtoto akokotoe ankara, yaani bidhaa kadhaa, kila moja na bei yake, mpaka jumla ipatikane kwa pauni, shilingi na pensi. Uingereza ya viwanda ilihitaji makarani na wauza duka, na mtihani uliwaandaa hao.

Ankara ile, hata hivyo, haikuwa na mteja. Matthew Arnold, mshairi aliyejipatia riziki kwa ukaguzi wa shule, aliandika katika taarifa zake za miaka ya 1860 kwamba watoto waliweza kunolewa hadi wakafaulu hesabu bila kujua kuhesabu. Walimu walijifunza upesi ni swali la aina gani mkaguzi hupenda, wakawakaririsha watoto hilo hilo, kwa sababu mshahara wao ulitegemea majibu. Utaratibu huo ulilegezwa hatua kwa hatua na kuzikwa mwishoni mwa karne. Shida yake ndiyo iliyobaki: swali lililovikwa nguo za dukani bado ni swali la darasani.

Huku kwetu Afrika Mashariki mtungaji wa mtihani alikuwa na balaa jingine, nalo ni kwamba maisha ya kila siku hayakutulia. Nafaka ya pwani ilipimwa kwa kibaba. Vibaba viwili ni kisaga, vinne ni pishi. Pembe za ndovu na karafuu zilikwenda kwa frasila, ambayo ni ratili 35 hivi. Rupia ya Kihindi iligawanyika katika anna 16 au pesa 64. Mwaka 1904 Wajerumani wakaigawa rupia yao katika heller 100, na Waingereza wa upande wa Mombasa nao wakahamia senti miaka hiyo hiyo. Mwaka 1920 ikaja florini, na mwaka uliofuata shilingi. Unguja waling'ang'ania rupia yao hadi mwaka 1936, ilipobadilishwa kwa shilingi moja na nusu kila rupia. Mtoto wa Unguja aliyezoea kutumwa na rupia 4 alijikuta na shilingi 6 mkononi, na ilimpasa ajue kama mwenye duka anamtendea haki. Baada ya uhuru ratili na yadi zikapisha kilo na mita.

Sokoni, hata hivyo, vipimo vya zamani havikuhama. Mahindi bado huuzwa kwa debe, nyanya kwa fungu. Mtungaji akiandika kilo, amepima kitabu cha kiada. Akiandika debe, amepima soko la sehemu moja, na mzazi wa wilaya ya pili ana haki ya kulalamika kwamba debe la kwao hujazwa hadi lilete kilemba. Ndiyo maana karatasi za taifa hukimbilia kilo, na mimi siwalaumu sana wanaozitunga.

Miaka ya 1960 mambo yalielekea upande mwingine kabisa. Mwaka 1962 wataalamu wa Marekani, Uingereza na Afrika walikutana Entebbe, Uganda, wakaanza kuandika vitabu vya hisabati mpya kwa shule za Kiafrika. Seti zikaingia darasani. Wazazi waliotegemea kuona watoto wakijumlisha bei za chumvi na mafuta ya taa waliona daftari zimejaa vitu vilivyozungushiwa duara. Kenya iliivumilia hisabati hiyo hadi mwaka 1981, ilipofutwa kwa tamko la Rais Moi.

Katikati ya shauku hiyo kilitokea kitabu kimoja chenye akili timamu. John Gay na Michael Cole, waliofanya kazi na Wakpelle wa Liberia, walichapisha utafiti wao mwaka 1967. Wengine walikuwa wakilalamika kwamba watoto wa Kikpelle hawaelewi hesabu za shule. Wao waliuliza kwanza Wakpelle wanahesabu nini na kwa ajili gani. Watu hao ni wakulima wa mpunga. Walipoonyeshwa mchele ndani ya chombo na kuulizwa una vikombe vingapi, watu wazima wasiojua kusoma walikisia kwa ukaribu uliowaacha mbali Wamarekani wasomi waliofanyiwa jaribio lile lile.

Lakini jaribio ninaloliona kuwa nguzo ya historia hii nzima lilifanyika Recife, kaskazini-mashariki mwa Brazil, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1985. Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann waliwaendea watoto watano, wavulana wanne na msichana mmoja, wa umri wa miaka 9 hadi 15, waliokuwa wakiuza vitu mitaani. Waliwaendea kama wateja. Walinunua, wakauliza bei, wakadai chenji. Mvulana mmoja wa miaka 12 aliuza nazi kwa cruzeiro 35. Mteja akasema anataka kumi. Kanuni ya shule ni kuongeza sifuri, basi. Kijana hakuongeza sifuri yoyote. Alianza na nazi tatu, ambazo bila shaka aliziuza mara nyingi: 105. Tatu nyingine, 210. Tatu tena, 315. Ikabaki moja, akafika 350.

Baadaye watoto hao wakapewa karatasi na penseli, na namba zikiwa zile zile walizozikokotoa mtaani. Hapo ndipo kulipokuwa na kioja. Mtoto aliyeulizwa nazi nne ni bei gani alikwenda moja kwa moja: tatu ni 105, ongeza 30 iwe 135, ongeza 5, ni 140. Akiwa mezani na 35 mara 4 imeandikwa mbele yake, akasema nne mara tano ni ishirini, andika sifuri, beba mbili. Mbili na tatu ni tano, tano mara nne ni ishirini. Akaandika 200. Alijumlisha alichobeba kabla ya kuzidisha, kosa ambalo kila mwalimu wa darasa la tatu amelisahihisha hadi wino ukamwishia. Mtaani watoto hao walipata asilimia 98.2 ya maswali. Mafumbo ya maandishi, asilimia 73.7. Hesabu tupu zisizo na nazi wala mteja, asilimia 36.8.

Watoto watano ni wachache, na wapinzani walilisema hilo. Hata hivyo 200 ile haihitaji takwimu. Mtoto ambaye asingekubali kamwe kumtoza mteja 200 kwa nazi nne aliikubali namba hiyo kwenye karatasi, kwa kuwa karatasi haina mteja wa kumkemea.

Afrika Mashariki ilipoanza kupima upya, ilichagua nyumbani. Upimaji uitwao Uwezo ulianza mwaka 2009 nchini Kenya, Tanzania na Uganda, ukifuata nyayo za ASER, upimaji kama huo wa India ulioanza mwaka 2005. Wahojaji wa kujitolea waliingia vijijini wakawapima watoto majumbani kwao, waliomo shuleni na wasiomo, kwa maswali ya kiwango cha darasa la pili: tambua namba, jumlisha, toa, zidisha. Taarifa ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba chini ya theluthi moja ya watoto wa darasa la tatu waliyaweza. Kelele zilikuwa kubwa, na zilistahili. Ila kinachonivutia ni mahali penyewe: mtoto amekaa uani kwao, mama anasikiliza, kuku wanapita, na bado karatasi iliyo mkononi mwa mhojaji ni ya darasani. Mtihani ulihama jengo bila kuhama lugha. Wenzao wa ASER mwaka 2017 walijaribu kwenda mbali zaidi kwa vijana wa miaka 14 hadi 18: hesabu noti hizi, jumlisha mawe haya ya mizani, soma saa. Asilimia 76 walihesabu fedha sawasawa, na 56 tu wakajumlisha uzito.

Kisha mwaka 2025 jarida la Nature likachapisha utafiti wa kundi la Abhijit Banerjee na Esther Duflo, washindi wa Nobeli ya uchumi, uliorudia jambo la Recife kwa watoto 1,436 wanaofanya kazi katika masoko ya Kolkata na Delhi. Wateja wa bandia walinunua viwango vya ajabu kwa makusudi, mathalani gramu 800 za viazi kwa rupia 20 kilo na kilo 1.4 za vitunguu kwa rupia 15 kilo, kisha wakatoa noti ya rupia 200. Chenji ni 163, na karibu watoto wote waliziweza hesabu za namna hiyo. Huko Kolkata ni asilimia 32 tu kati yao walioweza kugawa namba ya tarakimu tatu kwa tarakimu moja kwenye karatasi.

Tangu Recife tumezoea kumsifu mchuuzi mdogo na kuilaumu shule, na watafiti wangeweza kuishia hapo. Wao waliwapima pia wanafunzi 471 wa shule za jirani wasiowahi kuuza chochote. Hao walimzidi mchuuzi kwenye hesabu nyepesi za karatasi. Walipopewa swali la sokoni ambalo zaidi ya theluthi moja ya wachuuzi walilipata, ni mwanafunzi mmoja tu kati ya mia aliyelijibu.

Kwetu namba hiyo ya mmoja kati ya mia ndiyo nzito zaidi, kwa sababu watoto wetu wengi wapo upande wake. Tanzania ilileta mtaala wa KKK mwaka 2015, wa kusoma, kuandika na kuhesabu. Kenya ilianza mtaala wa umahiri mwaka 2017 na kuaga KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 2023. Mitaala yote miwili ilitaja maisha ya mtoto tangu kurasa za mwanzo. Darasa la tano likipewa kesho mizani, viazi na noti ya elfu kumi, mwalimu akageuka mteja mwenye haraka, tungejua ndani ya nusu saa kama kurasa hizo zimefika kwa mtoto. Gharama yake ni kilo mbili za viazi, na zinaweza kupikwa baadaye.