Kuku Waliofichua Siri ya Miguu Kufa Ganzi



Je, umewahi kukaa vibaya mpaka mguu ukafa ganzi? Ukisimama unapepesuka, lakini baada ya dakika chache hali inarudi sawa. Sasa fikiria ganzi isiyoondoka. Inaanza kwenye nyayo, inapanda hadi vigimbi, misuli inakonda, na siku moja unachuchumaa na kuinuka huwezi. Wengine huvimba miguu na moyo hushindwa kufanya kazi. Ugonjwa huo unaitwa beriberi. Huharibu mishipa ya fahamu, zile nyuzi zinazopeleka habari kutoka uti wa mgongo hadi mikononi na miguuni.

Katika karne ya 19 beriberi iliua maelfu ya watu huko Asia, hasa askari, mabaharia na wafungwa. Mwaka 1882 meli ya kivita ya Japani, Ryujo, ilianza safari ndefu ikiwa na watu 376. Kati yao 169 waliugua na 25 wakafa. Daktari wao mkuu, Takaki Kanehiro, alishuku chakula. Mwaka 1884 aliomba meli nyingine, Tsukuba, ipite njia ileile, lakini mabaharia wapewe nyama, maziwa na mkate pamoja na wali. Safari hii beriberi haikuua hata mmoja.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. La! Wakati huo madaktari wengi walikuwa wanatafuta kijidudu kwa kila ugonjwa. Uholanzi, iliyokuwa ikitawala kisiwa cha Java, ilimpa daktari Christiaan Eijkman kazi ya kukisaka kijidudu cha beriberi mjini Batavia, ambao leo ni Jakarta. Alifuga kuku na kujaribu kuwaambukiza. Kuku wakalegea miguu na kuanguka ubavu. Ajabu ni kwamba hata wale ambao hawakuambukizwa chochote walianguka pia. Halafu wote wakapona, bila dawa!

Eijkman akauliza walikula nini. Kumbe mtunzaji wao, ili kupunguza gharama, alikuwa akichukua wali mweupe kutoka jiko la hospitali ya jeshi. Kisha akaja mpishi mpya, akakataa mchele wa jeshi kuliwa na kuku wa raia. Kuku wakarudi kwenye mchele ambao haujakobolewa, na miguu ikapata nguvu. Ubahili wa mpishi huyo ulisaidia sayansi kuliko darubini.

Rafiki yake Adolphe Vorderman alichunguza magereza 101 ya Java, yenye wafungwa karibu 280,000. Palipoliwa mchele mweupe, mfungwa mmoja kati ya 39 aliugua beriberi. Palipoliwa mchele usiokobolewa, ni mmoja kati ya 10,000.

Eijkman mwenyewe alikosea kidogo. Alidhani wali una sumu na pumba ndiyo dawa yake. Mwaka 1901 mwenzake Gerrit Grijns alieleza vizuri zaidi: hakuna sumu, bali mashine ya kukoboa inaondoa kitu ambacho mishipa inakihitaji. Kitu hicho, vitamini B1, kilipatikana kwenye pumba za mchele mwaka 1926. Lakini katika vita vya Japani na Urusi vya 1904 na 1905, jeshi la nchi kavu la Japani lilikuwa bado linalisha askari wali mweupe, na maelfu walikufa kwa beriberi.

Hapa Kenya, tangu mwaka 2012 sheria inataka unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti uongezwe vitamini, B1 ikiwemo. Hata hivyo anayekunywa pombe nyingi na kula kidogo anaweza kuishiwa na vitamini hiyo. Ukihisi nyayo zinawaka au zimekufa ganzi kila siku, usikimbilie kuchuliwa. Nenda kituo cha afya upimwe, na sukari ya damu ipimwe pia, maana kisukari nacho hula mishipa hiyohiyo. Hicho tutakizungumzia juma lijalo.