Kumuuliza Mtu, Kuiuliza Kazi

Taiichi Ohno, mhandisi aliyeujenga mfumo wa uzalishaji wa Toyota, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1978 kisa cha mashine iliyosimama. Kwa nini imesimama? Fyuzi imeungua kwa kuzidiwa. Kwa nini imezidiwa? Beringi hazikupata mafuta ya kutosha. Kwa nini? Pampu haikuvuta vizuri. Kwa nini? Mhimili wake umelika. Kwa nini? Haikuwekwa chujio, chembe za chuma zikaingia. Anayeridhika na jibu la kwanza hubadilisha fyuzi tu, na baada ya miezi michache mashine husimama tena.

Katika maswali yote matano, fundi hatajwi hata mara moja. Kwangu mimi, nguvu ya njia hii iko hapo.

Socrates wa Athens naye aliishi kwa kuuliza, ila maswali yake yalimwandama mtu mpaka kauli zake zigongane. Ni njia adhimu ya kuusaka ukweli, lakini Socrates hakuwa bosi wa mtu. Euthyphro, mmoja wa aliowahoji, alipobanwa kuhusu maana ya uchaji, alisema ana haraka, akaenda zake. Mtunza ghala hana ruhusa hiyo mbele ya meneja anayeidhinisha mshahara wake. Akibanwa vile, atasaka jibu la kumnusuru.

Hata “kwa nini” ya Ohno huharibika ikielekezwa kwa mtu. “Kwa nini mzigo haukutoka jana?” Mtunza ghala atamtaja dereva, dereva atamtaja karani. Mwambie, “Twende ukanionyeshe mzigo ulipokwama,” na huenda mkakuta hati ilikuwa inasubiri saini ya meneja mwenyewe.

Wakristo wa Quaker wana desturi ngumu zaidi. Mwenye uamuzi mzito huita wenzake wachache wamuulize maswali tu. Ushauri hauruhusiwi, hata ule uliovishwa vazi la swali. “Huoni ungempigia mteja mapema?” ingekataliwa papo hapo, kwa kuwa muulizaji ana jibu lake tayari. Mameneja wengi, naamini, hukwama hapa kuliko kwingine. Halafu Quaker hunyamaza wakasubiri. Katika ofisi zetu, ambako mdogo humwamkia mkubwa na kumwachia neno, bosi asiyevumilia kimya hicho hujijibu mwenyewe, na mfanyakazi huitikia, “Ndiyo, mzee,” akarudi kwenye pampu isiyo na chujio.