Ukumbi Mdogo na Lugha ya Wimbo: Wanamuziki wa Kongo kati ya Goma, Nairobi na Dar es Salaam

1. Utangulizi

Historia ya muziki wa Kongo kwa kawaida huandikwa kwa kufuata santuri. Mwandishi huanza na "Marie-Louise" ya Wendo Kolosoy ya mwaka 1948, akapita kwa African Jazz ya Joseph Kabasele na OK Jazz ya Franco, kisha akafika Paris na viwanja vikubwa vya michezo. Utaratibu huo una faida yake, maana santuri ina tarehe na nembo, tena yaweza kushikwa mkononi. Hata hivyo, unaacha nje mahali ambapo muziki wenyewe ulipigwa usiku baada ya usiku: baa yenye meza chache, ua wenye taa mbili, nganda ambamo mwimbaji mashuhuri husimama hatua tatu tu kutoka kwa mnywaji anayemsikiliza.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ukumbi mdogo wa namna hiyo ulikuwa asasi yenye kanuni zake, na kwamba una nafasi katika historia ya Kiswahili. Ndio uliowasukuma wanamuziki waliozoea kutunga kwa Kilingala watunge kwa lugha ya watu walioketi mbele yao. Mahali pa kuanzia, na pa kurudi mwishoni, ni Goma, mji ulio mlangoni baina ya Kongo ya Kilingala na Afrika Mashariki ya Kiswahili.

2. Goma kati ya lugha mbili

Goma uko kaskazini mwa Ziwa Kivu, chini ya mlima Nyiragongo, nao umepakana na Gisenyi ya Rwanda kiasi kwamba watu huvuka mpaka kwa miguu kwenda sokoni na kurudi. Majumbani husikika Kihunde, Kinande, Kinyarwanda na lugha nyingine za Kivu. Baina ya majirani Kiswahili ndicho kiunganishi. Kilingala kilifika kwa njia nyingine: kwa jeshi, kwa utawala wa Mobutu, na zaidi ya yote kwa wimbo. Hivyo lugha ziligawana kazi. Kijana wa Goma aliomba chumvi kwa Kiswahili, akasoma kwa Kifaransa, akacheza dansi kwa Kilingala, mara nyingine bila kuelewa kila neno la wimbo aliouchezea.

Mgawanyo huo si wa asili. Mwaka 1952, mtafiti Hugh Tracey alimkuta Mwenda Jean-Bosco huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, akarekodi gitaa lake. Mwenda na wenzake wa Katanga, kama Edouard Masengo na Losta Abelo, waliimba kwa Kiswahili cha kambi za migodi. Kila mmoja alikuwa na gitaa moja lisilo na umeme, na muziki wao ulitosha kibarazani na katika chumba cha pombe. Msikilizaji alikuwa karibu, naye alikuwa mfanyakazi aliyetoka mbali na kwao, ambaye lugha yake ya kila siku pale kambini ilikuwa Kiswahili. Baadaye okestra za umeme za Kinshasa zilipotawala masikio ya nchi nzima, sauti hiyo ya Kiswahili ilififia, na Kilingala kikaonekana kuwa ndicho lugha ya wimbo wa Kongo kwa jumla.

3. Kanuni za ukumbi

Majina ya bendi yenyewe yanashuhudia uzito wa ukumbi. OK Jazz iliundwa mwaka 1956 katika OK Bar ya Léopoldville, iliyokuwa ya Oscar Kashama, na herufi hizo mbili ndizo zilizoipa bendi jina. Nchini Tanzania, DDC Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilichukua jina la shirika la maendeleo la Dar es Salaam pamoja na la ukumbi wake. Matimila, bendi iliyokuja kuongozwa na Remmy Ongala, ilipewa jina la kijiji cha kusini mwa Tanzania ambako mwenye vyombo alitoka.

Majina hayo yanaonyesha mambo yalivyokuwa. Gitaa la umeme, ngoma, vipaza sauti na saksafoni vilikuwa na bei ambayo mwanamuziki peke yake hakuimudu. Mwenye baa au mfanyabiashara alinunua vyombo, akaajiri wapigaji, akatarajia fedha zake zirudi kwa kiingilio na kwa chupa za bia. Mpigaji aliyegombana na tajiri aliondoka mikono mitupu, hata kama jina lake lilikuwa midomoni mwa mji mzima. Kwa hiyo ukaribu wa ukumbi mdogo usisifiwe kupita kiasi: watu walimwona nyota kwa karibu kwa sababu nyota huyo alilazimika kuwapo pale karibu kila usiku ili apate kula.

Kulazimika huko ndiko kulikozaa kanuni. Jukwaani, wimbo haukufungwa na dakika tatu au nne za upande wa santuri. Ulirefushwa kadiri wachezaji walivyotaka, na sehemu ya magitaa ilirudiwa hadi jasho liwatoke watu. Mteja aliagiza wimbo, akapanda kumtuza mwimbaji, naye mwimbaji akalitaja jina lake. Mazoea ya kurusha majina, ambayo Wakongo huyaita mabanga, yalikuja kuingia hata katika santuri. Aliyeimba vibaya alijua papo hapo, kwa sababu watu waliketi.

Franco mwenyewe alizijua nyuso zote mbili za jambo hili. Tarehe 22 hadi 24 Septemba 1974 alikuwa miongoni mwa waliotumbuiza katika uwanja wa michezo wa Kinshasa, kwenye tamasha lililowaleta James Brown, B.B. King, Miriam Makeba na Celia Cruz. Walakini, mahali alipokutana na wasikilizaji wake wa kila juma palikuwa Un-Deux-Trois, klabu yake huko Matonge. Uwanjani watu waliweza kusema kwamba Franco walimwona. Klabuni Franco naye aliwaona wao.

Wasomaji wa Kiswahili hawatalistaajabia hilo, kwa kuwa pwani ilikuwa na mfano wake mapema zaidi. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri zilizomtangaza Afrika Mashariki nzima, lakini nyumbani kwake Ng'ambo, Unguja, majirani waliendelea kukusanyika usiku kumsikiliza. Nyimbo zake zilichukua habari za mtaa, na mtaa ulikuwapo kuzipima. Aliimba kwa Kiswahili wakati ambapo taarabu ya wakubwa ilithamini Kiarabu, na hadhira iliyomzunguka ni sehemu ya sababu.

4. Safari ya mashariki

Miaka ya 1970 wanamuziki wengi wa Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo, walielekea mashariki. Baba Gaston alitoka Lubumbashi akafika Dar es Salaam mwaka 1971, kisha akahamia Nairobi. Maquis du Zaire ilifika Dar es Salaam mwaka 1972. Super Mazembe iliingia Nairobi mwaka 1974 baada ya kupitia Zambia. Samba Mapangala na kundi lake la Les Kinois walipitia Uganda wakafika Nairobi mwaka 1977. Remmy Ongala alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, ya mjomba wake.

Huko walikuta kumbi kama Starlight na Garden Square za Nairobi, pamoja na mabaa mengi ya Dar es Salaam. Mapangala ni mzaliwa wa Matadi, magharibi kabisa mwa Kongo, ambako Kiswahili si lugha ya mtaa. Licha ya hayo, mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliunda Orchestra Virunga, na nyimbo zake za Kiswahili, kama "Vunja Mifupa", zikawa mali ya Wakenya. Super Mazembe nayo ilijulikana sana kwa "Shauri Yako", wimbo wa Kiswahili.

Mtu aweza kupinga kwamba ni soko la santuri lililodai Kiswahili. Pingamizi hilo lina uzito, kwani watengenezaji wa santuri wa Nairobi walitaka kuuza. Lakini santuri za Kilingala ziliuzwa Nairobi bila kuhitaji tafsiri; Franco alipendwa huko na watu wasiojua neno moja la lugha yake. Mnunuzi wa santuri hutosheka na sauti na mdundo. Mteja wa ukumbini hudai zaidi: huzungumza na mwimbaji baina ya nyimbo, humtania, humwagiza amwimbie mkewe. Mwimbaji asiyeweza kumjibu hubaki mgeni, na mgeni huchosha baada ya majuma machache.

Mfano wa Remmy Ongala unasahihisha hoja hii na kuitia nguvu. Yeye alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, wakati ule katika Jimbo la Kivu, mahali ambapo Kiswahili husemwa. Hivyo hakujifunza lugha hiyo Dar es Salaam; alikwenda nayo. Alichokikuta huko ni hadhira iliyotaka kusikia na kuelewa kila neno, na kubishana nalo. Katika mazingira hayo aliwaimbia maskini, akaimba juu ya kifo, na mwaka 1990 akatoa "Mambo kwa Soksi", wimbo kuhusu kondomu wakati UKIMWI ulipokuwa ukienea. Redio Tanzania haikuupiga. Wimbo ulienea kwa kanda na kumbini, mahali ambapo hapakuwa na mkaguzi ila msikilizaji. Upendo huo uliacha alama katika ramani ya jiji: kituo cha mabasi huko Sinza kikaitwa "kwa Remmy", na jina hilo limedumu baada ya kifo chake mwaka 2010.

5. Kurudi Goma

Bendi ya Mapangala ilichukua jina la milima inayoonekana kutoka Goma. Kwa miaka mingi mtu wa Goma aliweza kusikia jina la milima yake likitajwa na bendi ya Nairobi, katika nyimbo zilizokuwa karibu zaidi na lugha ya nyumbani kwake kuliko zile za Kinshasa.

Kizazi kilichofuata kilianza kuimba bila kuvuka mpaka. Mji ulikuwa umepitia wimbi la wakimbizi wa mwaka 1994, vita vya mwaka 1996 na vilivyofuata, na lava ya Nyiragongo iliyoteketeza sehemu kubwa ya katikati ya mji Januari 2002. Katika hali hiyo zilistawi sehemu ndogo za vijana kujifunzia sanaa, kama Yole!Africa na Foyer Culturel. Innoss'B, aliyezaliwa Goma mwaka 1997, aliimba kwanza na ndugu zake katika Maisha Soul, akashinda shindano la Vodacom Superstar mwaka 2010 akiwa bado mtoto. Mwaka 2019 toleo la "Yope" aliloimba na Diamond Platnumz wa Tanzania liliunganisha Kilingala na Kiswahili, likasikika pande zote mbili za maziwa.

Februari 2014 Goma ulipata jukwaa kubwa pia: Tamasha Amani, katika viwanja vya Instituti Mwanga, lililowakusanya maelfu baada ya M23 kushindwa mwaka 2013. Thamani ya mkusanyiko huo katika mji uliozoea kukusanywa na mabomu haihitaji kutetewa. Hata hivyo tamasha huja mara moja kwa mwaka, na hutegemea wafadhili. Msanii anayelishwa na tamasha peke yake hujifunza kupendeza umati kwa nusu saa, hajifunzi kujibiwa.

Vita huua usiku kabla ya kuua mambo mengine. Hali ya dharura ya kijeshi iliyotangazwa Kivu Kaskazini Mei 2021, kisha mji kuingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, ni matukio ambayo kwa kawaida huhesabiwa kwa waliokufa na waliokimbia, na ndivyo ipasavyo. Katika hesabu hiyo, mlango wa baa unaofungwa mapema huonekana kuwa hasara ndogo. Kwa lugha si ndogo: mlango ukifungwa, mwimbaji hupoteza mtu wa kumwambia kwamba neno lake halikueleweka.

6. Hitimisho

Santuri za Mwenda, Franco, Mapangala na Remmy zimehifadhiwa, na zitaendelea kusikilizwa. Kumbi walimopiga hazina hifadhi. Zimo katika kumbukumbu za wapiga ngoma, wahudumu, wenye vyombo na wateja ambao sasa ni wazee, na kwa upande wa Goma wengi wao wametawanyika. Mwanafunzi wa isimu anayetaka kujua wimbo wa Kongo ulipataje Kiswahili chake hana budi kuwauliza hao: bendi ilipiga wapi, kwa lugha gani, na watu waliposimama kucheza, walisimama kwa neno lipi.