Michezo ya video na spoti: Mwenye mchezo ni nani?

Spoti ya kielektroniki ni mashindano ya michezo ya video baina ya wachezaji au timu, chini ya kanuni na waamuzi. Ilishika mizizi Korea Kusini mwishoni mwa miaka ya 1990 kupitia mchezo wa StarCraft. Katika Michezo ya Asia iliyoandaliwa Hangzhou, Uchina, mwaka 2023, washindi wake walitunukiwa medali rasmi kwa mara ya kwanza.

Wapo wanaoshikilia kwamba pasipo jasho hapana spoti. Hoja hiyo haina mashiko sana. Mlenga shabaha wa Olimpiki naye husimama tuli. Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake The Grasshopper cha mwaka 1978, alieleza kucheza kuwa ni kujitakia vikwazo visivyo vya lazima na kujitahidi kuvishinda. Kwa kipimo hicho, mruka viunzi na kijana anayebofya vitufe ni ndugu.

Tofauti ya kina imo katika umiliki. Kandanda haina mwenyewe. Bodi ya IFAB, iliyoundwa mwaka 1886, hutunga sheria zake, lakini haiwezi kumzuia mtoto kufunga mpira wa makaratasi na kamba akacheza atakavyo. Bao nalo ni vivyo hivyo: chimba mashimo, okota kete, anza.

League of Legends, uliozinduliwa mwaka 2009, ni mali ya kampuni ya Riot Games, ambayo huufanyia marekebisho takribani kila wiki mbili. Mbinu iliyonolewa kwa miezi huweza kupoteza makali usiku mmoja. Mruka juu hushindana na nguvu za mvutano wa dunia, na hizo hazirekebishwi na kampuni yoyote.

Riziki za watu zimo humo. Desemba 2018, kampuni ya Blizzard ilitangaza kwamba ligi yake ya Heroes of the Storm haingerejea mwaka uliofuata, na wachezaji wa kulipwa wakajikuta hawana pa kushindania.

Mwaka 2022, FIFA iliifungia Kenya kwa miezi kadhaa. Timu ya taifa ilikosa mechi, ila mitaani gozi liliendelea kutandazwa. Oktoba mwaka huo huo, Blizzard ilizima mitambo ya Overwatch ya awali ili kupisha toleo jipya; hata aliyekuwa ameununua mchezo huo hangeweza kuucheza tena.