Upekee wa Mahali: Istilahi ya Kutuonyesha pa Kuanza Kulinda

Chura wa Kihansi hafikii urefu wa sentimita 3. Ana rangi ya manjano, hatagi mayai bali huzaa, na makao yake ya asili ni hekta chache tu za korongo la Mto Kihansi, katika safu ya Udzungwa, palipokuwa pakilowa manyunyu ya maporomoko usiku na mchana. Wanasayansi walimkuta mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme ukiwa umeshaanza. Mwaka 2000 maji mengi yakaelekezwa kwenye mitambo na manyunyu yakapungua mno. Yalifungwa mabomba ya kunyunyizia ili kuyarejesha, lakini mwaka 2003 vyura wakaporomoka kwa ghafla, ugonjwa wa kuvu wa ngozi ukitajwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba wametoweka porini. Waliopona ni kizazi cha vyura wapatao 500 waliokuwa wamepelekwa mapema Marekani na kuzalishwa katika bustani za wanyama. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni kwao.

Magazeti humwita “chura adimu”. Ni adimu kweli, lakini uadimu ni suala la idadi. Faru mweusi naye ni adimu, ila akitoweka Tanzania atabaki Kenya, Namibia na Afrika Kusini. Wengine husema “kiumbe wa asili”. Tembo ni wa asili Ruaha, na ni wa asili Botswana vilevile. “Wa kipekee” limeshakuwa neno la sifa, la hoteli na la ofa za dukani. Wapo wanaosema “endemiki”. Hilo linawatosha wataalamu, lakini msomaji wa kawaida haambulii kitu, na madaktari wanalo kwa maana nyingine, ya ugonjwa usiokoma katika eneo fulani.

Mimi nashika “upekee wa mahali”: hali ya spishi kuishi kiasili mahali fulani na si kwingine popote duniani. Tukitaja spishi yenyewe, neno “pekee” lifuate jina la mahali. Tuseme “spishi ya Pemba pekee”, maana “spishi pekee ya Pemba” ingemaanisha kwamba Pemba haina spishi nyingine.

Faida ya istilahi hii ni kwamba inakulazimisha kujibu: mahali gani? Popo wa Pemba ni wa Pemba pekee. Ni kweli pia kwamba ni wa Tanzania pekee, na wa Afrika pekee. Twiga naye ni wa Afrika pekee. Mahali pasipotajwa, popo wa kisiwa kimoja na twiga wa bara zima wanaonekana sawa, na mpango wa hifadhi unaharibika tangu mwanzo.

Ndiyo maana wapimaji wa bayoanuwai hawaishii kuhesabu spishi. Njia moja ni kugawa ramani katika miraba, kisha kila spishi hupewa uzito kulingana na idadi ya miraba inamoishi. Iliyo katika miraba 100 huchangia 0.01 kwa kila mraba. Iliyo katika mraba mmoja tu huchangia 1 kamili. Kwa hesabu hiyo, katika mraba wake, spishi ya chura wa Kihansi ina uzito wa spishi 100 zilizoenea hivyo. Sisemi Serengeti ipuuzwe. Nyumbu wake ni zaidi ya milioni moja, lakini nyumbu hupatikana mpaka Afrika Kusini. Kilichopotea Kihansi hakikuwa na pengine porini pa kuchukuliwa.

Mwanaikolojia Norman Myers na wenzake walitumia kigezo cha upekee wa mahali mwaka 2000. Walichagua maeneo 25 duniani, kila moja likiwa na angalau spishi 1,500 za mimea ya hapo pekee na likiwa limeshapoteza asilimia 70 au zaidi ya uoto wake wa asili. Misitu ya safu ya milima iitwayo Tao la Mashariki, kutoka Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, ilikuwa ndani ya orodha hiyo pamoja na misitu ya pwani. Milima hiyo hunasa unyevu wa Bahari ya Hindi, na misitu yake imetengana kwa muda mrefu sana, kila mlima ukilea viumbe wake.

Kipimo cha upekee wa mahali kina udhaifu wake: hupima palipofikiwa na watafiti. Kima aitwaye kipunji aliandikwa katika sayansi mwaka 2005, ilhali wawindaji wa Rungwe walikuwa na jina lake zamani. Msitu usio na rekodi huonekana mtupu kwenye ramani, na mtupu ndio hukatwa kwanza.

Kwa hiyo nawaomba wahariri, watafsiri na wanaoandika mabango ya hifadhi: acheni kuandika “wanyama adimu” pale mnapomaanisha wa hapo pekee. Tajeni mahali. Na tathmini ya mazingira ya mradi wowote mlimani ihesabu viumbe wa hapo pekee kabla mkandarasi hajaingiza mashine.