MSHONO SI AIBU



Huku kwetu Temeke na Kinondoni, mama aliyejifungua kwa upasuaji huambiwa: "Wewe hukuzaa, ulipasuliwa tu." Wengine husema hayo ni mambo ya Wazungu.

Sasa sikiliza kisa hiki.

Mwaka 1879, huko Kahura, ufalme wa Bunyoro, Uganda ya leo, Mzungu aitwaye Robert Felkin alimshuhudia mganga wa kienyeji akimpasua binti wa miaka 20 hivi, uzazi wake wa kwanza. Watu wale hawakuwa Waislamu. Walimnywesha pombe ya ndizi ili apunguze maumivu. Mganga akanawa mikono na kuosha tumbo kwa pombe hiyo, kisha kwa maji. Mtoto akatoka hai.

Jeraha alilifungaje? Alipitisha pini 7 nyembamba za chuma kwenye ngozi, akazikaza kwa uzi wa gome la mti. Siku ya 6 akatoa pini ya mwisho. Siku ya 11 kidonda kimefunga, mama mzima. Felkin akayachapisha hayo mwaka 1884. Zama hizo, huko Ulaya, wengi waliopasuliwa hivyo walikufa.

Umeona? Mshono huu una mizizi Afrika Mashariki.

Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu. Ewe mume, daktari akisema mkeo apasuliwe, usicheleweshe ukisubiri kikao cha ukoo. Nawe mama mkwe, usimsimange mkweo. Kovu lile ni alama ya roho mbili alizozihifadhi Allah.

Mfikishie na mwenzako.