Gaim Ilivyovuka Linux

Mwaka 1998 Mark Spencer, mwanafunzi wa chuo kikuu Marekani, aliandika Gaim, programu huria iliyowawezesha watumiaji wa Linux kuchati kupitia huduma ya AIM ya kampuni ya AOL. Kuihamishia Windows kulikuwa kazi, kwa sababu madirisha yake yalichorwa kwa GTK, maktaba iliyozaliwa upande wa Unix. Ilibidi GTK yenyewe ihamishwe kwanza, na aliyebeba mzigo huo ni Tor Lillqvist.

Watu wa Mac walipita njia nyingine, ambayo naiona bora. Adium, iliyoanzishwa 2001 na Adam Iser, naye mwanafunzi, baadaye ilichukua sehemu ya Gaim inayozungumza na seva tu. Sura ikaundwa upya kwa mtindo wa Mac.

AOL ikalalamikia jina, maana lilibeba herufi AIM. Mwaka 2007 Gaim ikawa Pidgin, nayo sehemu ile ya seva ikaitwa libpurple. Sisi wa isimu tunaijua pijini: lugha ya watu wanaofanya biashara bila kuwa na lugha moja. AOL iliifunga AIM Desemba 2017. Libpurple ilibaki, ikiunganisha huduma nyingine.